Bunduki ya Babu na Fundi wa Musaga

Buyenzi, 11 Januari 2004

Dada Kaltum,

Assalamu alaikum wewe, shemeji na wote wa Ujiji. Sisi tu wazima. Milimani bado wanapigana, lakini mjini watu wanakwenda sokoni na kugombana kwa bei kama zamani, kwa hiyo tunasema kuna nafuu. Chumvi ya Uvinza uliyompa Radjabu wa maboti imefika. Nusu imelowa, naye anaapa kwamba ni mvua. Mimi nadhani aliikalia safari nzima.

Nakuandikia kwa jambo moja. Nimeishusha darini bunduki ya babu yetu. Unaikumbuka, ile ya mitutu miwili iliyotoka Ubelgiji, aliyokuwa akiwindia mabata mtoni Ruzizi, yenye nyundo mbili kwa nje kama masikio ya mbuzi. Tangu baba aifunge kwenye magunia yenye grisi mwaka wa tisini na tatu, hakuna aliyeigusa. Nilipoifungua nilisikitika sana. Mchwa wamekula kitako mpaka kwenye skrubu, kutu imeingia ndani ya mitutu, nyundo ya kushoto haishiki, na ukiinyanyua mitutu inacheza kwenye bawaba yake.

Nataka kumpelekea Namegabe, yule fundi wa Bukavu anayekaa Musaga, aliyekutengenezea kitanda cha harusi. Kwao alikuwa akitengeneza bunduki za wawindaji kabla hajahamia huku. Chefu wa zoni, mkubwa wa mtaa wetu, nimemwambia, na karatasi ya babu ya enzi za Wabelgiji ameiona, akacheka, akagonga muhuri. Lakini mirathi ya baba hatukuigawa, na bunduki ina fungu lako. Sitaki kesho uniambie nimekula cha mwanamke. Nipe neno lako.

Mdogo wako,
Himid


Ujiji, 20 Januari 2004

Himid,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma mara moja nikacheka, nikaisoma tena nikaiweka chini.

Wewe tangu lini ukaniomba ruhusa? Duka la baba ulilifunga bila kuniuliza. Mashine ya kushonea ya mama umeigawa sijui kwa nani. Leo umekumbuka fungu la mwanamke kwenye bunduki. Mtu akianza kuwa na adabu ghafla, mimi huangalia mikono yake ina nini.

Unaitengenezea nini? Mabata ya Ruzizi siku hizi nani anayaendea, na kule kuna watu wenye bunduki mpya kuliko yako? Zamani ilikuwa ikilia bibi harusi akitoka nyumbani. Mimi mwenyewe nilitolewa kwa mtutu wa kulia na wa kushoto, na baba akavunja kigae cha jirani. Lakini leo nani atapiga risasi ya furaha Bujumbura? Atakuwa anataka wanajeshi waje kula pilau yake. Na binti yako Alya sijasikia kama ana mchumba. Au anaye?

Nitakwambia kinachonikosesha usingizi, maana kunyamaza sijui. Radjabu alikuona Kamenge. Ulikuwa umesimama ng'ambo ya barabara ukiitazama nyumba ya Aloys, yule jirani yetu wa zamani. Alirudi siku nyingine akakukuta palepale, unamuuliza fundi baiskeli Aloys hurudi saa ngapi. Kamenge una nini tena wewe, tangu tuhame?

Himid, mimi simpendi Aloys. Yeye ndiye aliyemwambia baba asubuhi ile aache barabara kubwa apite njia ya chini, ya Buterere. Baba akapita, akauawa hukohuko. Sijasahau. Lakini pia sijasahau siku ya arobaini, uliposimama mlangoni mbele ya watu wote ukasema kwamba aliyemwonyesha baba ile njia, na wewe utamwonyesha yake. Miaka tisa nimekuwa nikiomba Mungu uwe umesahau ulichosema.

Ruhusa sikupi mpaka unipe sababu.

Dada yako,
Kaltum


Buyenzi, 3 Februari 2004

Dada yangu askari wa forodha,

Idi imepita salama. Tulichinja mbuzi mmoja, akaliwa na mtaa mzima, na mimi nikabaki na kwato.

Usinikasirikie. Bunduki nimeshampa Namegabe. Mchwa hawangojei barua za Ujiji. Nakwenda kumtazama kila siku ya mapumziko, nakaa kwenye gogo lake pale Musaga, nasahau kabisa kwamba kuna vita. Amelikata pande lote lililooza, ameunga kipande cha mvule, na sasa anakipiga msasa kwa mkono. Mashine hataki. Anasema mashine inanyanyasa mbao. Mitutu aliiloweka mafuta ya taa, akaisugua kwa kamba ya katani na majivu mpaka ukichungulia ndani unaona mwanga wa duara, safi. Na unajua kilichotokea chini ya kutu? Ubavuni kuna jina la babu kwa herufi za Kiarabu. Baba alikuwa hajawahi kutuambia. Nilipoliona nilitokwa machozi mbele ya fundi, na fundi akajifanya anatafuta bisibisi.

Kuhusu Alya: hana mchumba, anajiandaa kwenda Kampala kusomea uuguzi zaidi. Kwa hiyo tulia.

Mambo ya Kamenge niachie mimi. Nina shughuli na Aloys na nataka kuimaliza mwenyewe, kwa njia yangu, kabla ya mvua kuisha. Ikiisha utajua, na ukijua hutanilaumu. Radjabu mwambie abebe chumvi aache kubeba macho.

Himid


Ujiji, 9 Februari 2004

Kwa fundi Namegabe, Musaga

Ndugu Namegabe, salaam kwako na kwa mkeo mama Mawazo. Mimi ni Kaltum binti Nassor, yule uliyenitengenezea kitanda cha mkuruti. Bado nakilalia na hakijalia hata siku moja.

Barua hii Radjabu amekupa mkononi mwako, wewe peke yako. Ukimaliza kuisoma, iteketeze.

Ndugu yangu amekuletea bunduki. Hajakwambia kwa nini, na mimi hataki kuniambia. Nakuambia mimi. Kuna mtu Kamenge ambaye Himid aliapa kulipa kisasi kwake kwa ajili ya baba yetu. Sasa anazunguka nyumba ya mtu huyo, anauliza saa zake za kurudi, na mimi ameniandikia kwa mkono wake kwamba ana shughuli naye anataka kuimaliza. Himid si mwuaji. Ni mtu wa maneno na vicheko. Lakini watu wa vicheko wangapi tumewaona wakibadilika katika miaka hii, mimi na wewe?

Nikimkataza hatanisikia. Nikimripoti watamfunga, na akifungwa siku hizi hujui kama utamwona tena. Kwa hiyo nakuomba kitu kidogo. Itengeneze ipendeze, uipe mafuta, uipe rangi yake. Lakini zile pini mbili ndogo ambazo nyundo hugonga ili zichome kartushi na risasi itoke, zipitishe tupa. Zifupishe kidogo tu, zisifike. Baba aliwahi kunionyesha pini hizo nikiwa mtoto, akasema huo ndio moyo wake.

Ataiona nzima naye atafurahi. Na siku akiivuta, hakuna atakayekufa. Nakuomba kama ndugu.

Kaltum


Musaga, 17 Februari 2004

Mama Kaltum,

Jambo. Barua nimeisoma, nimeichoma. Mama Mawazo aliona moshi akaniuliza, nikamwambia ni takataka.

Mi apana mutu wa kuharibu kazi yake. Hii bunduki nimeifanya kama mutoto. Bawaba ilikuwa imelegea, nimeweka kipande cha shaba chembamba, sasa ukiifunga inasema "tak", moja tu. Kwetu Bushi mutu akileta bunduki unamuuliza anaendea nyama gani. Bwana Himid nilimuuliza. Akacheka, akasema nyama ya mwaka huu ni kubwa, nitaisikia. Hapo na mi niliogopa.

Kwa hiyo nimefanya vile ulisema. Pini zote mbili. Kwa macho hawezi kuona.

Lakini nakuambia wazi, Mama. Mi sitamwambia, ila siku akija kuniuliza uso kwa uso, sitajua kusema uongo. Na hiyo siku afadhali asinikute. Dada yangu wa Uvira ananiita niende kumjengea, nafikiri nitaenda mbele ya Pasaka. Umwandikie ndugu yako. Si mi wa kumwandikia.

Namegabe


Buyenzi, 7 Machi 2004

Dada,

Bunduki imerudi. Ungeiona. Nimeiweka sebuleni juu ya zulia na wageni wanaikalia kando kama bibi harusi. Mbao mpya na mbao kuukuu huwezi kuzitofautisha isipokuwa kwa kidole. Namegabe alipokuwa ananikabidhi hakunitazama usoni, na kahawa yangu akaikataa. Nikafikiri hataki kuachana nayo. Mafundi wako hivyo.

Sijaijaribu. Kartushi nilizopata ni mbili tu, za zamani lakini kavu, na kila moja ina kazi yake.

Nakuomba jambo moja na usilichukue vibaya. Mwezi huu usije Bujumbura. Shemeji aliniambia unafikiria kuja kutazama kaburi la baba. Ngoja Aprili. Njia si nzuri, na nyumba yangu itakuwa na shughuli nyingi, hutapumzika.

Himid


Ujiji, 15 Machi 2004

Mdogo wangu,

Hongera kwa bunduki. Itunze, uifute mafuta, usiiache kwenye unyevu. Sitakuja mwezi huu, kama ulivyotaka. Sina neno tena juu ya jambo hilo, fanya moyo wako unavyokutuma.

Nimempa Radjabu tende kidogo kwa ajili ya Alya.

Kaltum


Buyenzi, 30 Machi 2004

Dada Kaltum,

Nilikuficha jambo, nalo limenigeukia. Soma mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Jumapili ya tarehe 21 nimemwoza Alya. Kampala ilikuwa uongo. Ameolewa na Divin, mtoto wa Aloys. Ndiyo, Aloys huyohuyo. Walijuana hospitali, Alya akiwa kwenye mafunzo na kijana akimuuguza bibi yake. Amesilimu, anaitwa Muadh, na anasali kuliko mimi. Alya aliponiambia, wiki nzima sikuongea naye. Halafu nikaenda Kamenge. Hapo ndipo Radjabu aliponiona nimesimama ng'ambo ya barabara. Nilikuwa siwezi kuvuka. Nilikwenda mara nyingi nikarudi bila kugonga, mpaka fundi baiskeli akanizoea.

Siku niliyogonga, Aloys alifungua mwenyewe. Nikamuuliza mbele ya mlango wake kwa nini alimpa baba ile njia. Akaniambia mkewe alikuwa ameipita asubuhi ileile, amebeba ndizi, akafika salama. Akasema hata baba yake mzazi angemwelekeza hukohuko. Nilimtazama sana. Nikamwamini, Dada. Miaka tisa ilinitoka kifuani mara moja nikalia kama mtoto. Ndipo nikampa mwanangu.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu nakujua. Ungekuja na boti ya kwanza, ungekaa katikati ya nyumba ukavunja kila kitu. Nilitaka uje Aprili ukute wameshaoana na mchele umeshaliwa.

Sasa sikia kuhusu bunduki. Nilitaka Alya atoke kama ulivyotoka wewe. Siku ya posa, mbele ya ukoo wote wa Aloys, nilijisifu. Nilisema kwetu sisi watoto wa Nassor, msichana ambaye bunduki ya babu haikulia hakutolewa na baba yake, amechukuliwa tu. Wazee wao wakatikisa vichwa, wakasema basi tutaisikiliza. Chefu wa zoni akawaambia wanajeshi wa pozisheni, ile kambi ndogo ya karibu, kwamba mchana kutakuwa na milio miwili ya harusi, wasishtuke. Kila kitu kilikuwa sawa.

Alya akatoka. Watu wote kimya barabarani, wanawake tayari kwa vigelegele. Nikainua bunduki juu, nikavuta mtutu wa kulia. Ta. Kama mtu anayefunga kufuli. Nikavuta wa kushoto. Ta. Nikafungua, nikageuza kartushi, nikavuta tena mbele ya watu wote wale, jasho linanitiririka, na ile bunduki nzuri mikononi mwangu imekufa. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama yake Aloys, kikongwe yule, akajifunika kichwa kwa kanga. Kaka mmoja wa Aloys akasema kwa sauti, "Umeona sasa? Hajatupa mutoto. Kesho atasema tulimwiba." Wakamchukua Alya wakaondoka, pilau haikuguswa.

Sasa yuko kwao na hawali anachopika. Bibi anasukuma sahani. Muadh anagombana na baba zake wadogo kila siku. Mimi ndiye wanayemsema kwamba niliiharibu makusudi ili nibaki na mdomo wa kusema sikumtoa.

Nilikwenda Musaga kumtafuta Namegabe. Amehama. Amekwenda Uvira na hakuna aliyeniambia ni Uvira sehemu gani. Basi nikaipeleka kwa mwanajeshi mstaafu anayekaa Buterere. Akaifungua, akatoa zile pini, akaniwekea kiganjani. Zimekatwa kwa tupa, zote mbili, sawasawa. Si uchakavu, Dada. Mtu amekaa chini akafanya hiyo kazi.

Ni nani? Nimefikiri mpaka kichwa kimeuma. Namegabe hana ugomvi nami. Mtu alimtuma. Na nani katika mji huu ana sababu ya kuiogopa bunduki yangu, kama si mtu mwenye deni la damu na nyumba hii? Aloys hakuamini kwamba nimemsamehe. Alitaka ahakikishe. Na asiye na hatia anaogopa nini? Kwa hiyo ile hadithi ya mke na ndizi sasa naiona ilivyo. Ulisema kweli tangu mwanzo, na mimi mjinga nikampelekea hata binti yangu.

Yule mstaafu ametia pini mpya. Tuliijaribu kwenye mashamba ya mpunga, kwa kartushi zake, ikalia vizuri. Jumapili ya Pasaka ukoo wao wote utakuwa nyumbani. Baada ya adhuhuri nakwenda kumchukua mwanangu, nakwenda nayo, na Aloys atanijibu tena lile swali mbele yao. Safari hii sitamuuliza nikiwa nimesimama mikono mitupu.

Usijaribu kunizuia. Nakuandikia ili ujue tu.

Himid


Ujiji, 5 Aprili 2004

Bwana Aloys, Kamenge

Sijawahi kukuandikia, na jina lako miaka yote hii nimelitaja kwa ubaya. Lakini nisome.

Mimi ni Kaltum, dada yake Himid, shangazi yake Alya. Ile bunduki haikuuliwa na wewe, wala Himid hakuiua. Niliiua mimi. Nilimwandikia Namegabe azipitishe pini tupa, naye akafanya kwa sababu nilimwambia kwamba Himid anakuja kukuua. Niliamini hivyo. Alikuwa anaizunguka nyumba yako, ananificha, ananiambia ana shughuli na wewe. Sikujua kama shughuli ni harusi. Radjabu anayekupa karatasi hii ndiye aliyebeba ile barua yangu mpaka Musaga. Mwulize, na Himid amwulize.

Sasa Himid anaamini ni wewe uliyemtuma fundi. Jumapili ya Pasaka, baada ya adhuhuri, anakuja kwako na bunduki, na safari hii inafanya kazi. Simu ya jirani yake nimepiga haipokelewi, na hata akinipata atasema nimetunga ili kukuokoa. Barua yangu peke yake ataichana. Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Ikitoka mkononi mwako, pamoja na Radjabu mwenyewe amesimama hapo, hataweza kusema ni hila yako. Mwandiko wangu anaujua, na Radjabu atamwapia.

Ukiona hatari ondoka, umchukue na Alya. Si aibu kuondoka. Na kama unaona ni sawa, wasomee watu wako barua hii, hasa mama yako. Waambie mtoto alitolewa na baba yake kwa moyo wote. Mimi ndiye niliyeiziba bunduki mdomo.

Nimeogopa tangu barua yake ifike. Sijui kuandika zaidi ya hapa.

Kaltum binti Nassor


Kamenge, 12 Aprili 2004

Mama Kaltum,

Kiswahili changu ni cha sokoni, utanisamehe. Muadh alitaka kuniandikia, nimemwambia apana, hii naandika mwenyewe.

Radjabu alifika Ijumaa Kuu, tunatoka misa. Nilisoma barua yako nimesimama. Kisha nikakaa nikasoma tena. Mke wangu aliniambia tuende kwa ndugu yake tujifiche mpaka Pasaka ipite. Nilifikiri. Lakini nikasema nikijificha, Himid atakuta mlango umefungwa, na huo mlango umefungwa utakuwa jibu. Nami nilikwisha kumjibu mara moja. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilichukua Radjabu, tukapanda basi mpaka Buyenzi.

Alikuwa kibarazani. Bunduki ilikuwa kwenye mapaja, anaifuta. Aliponiona akasimama nayo. Mi nilisimama pale kwenye ngazi, sikupanda. Nikamwambia nimeleta barua ya dada yako, nikamnyooshea. Akamwangalia Radjabu. Alichukua kwa mkono mmoja, ule mwingine bado uko kwenye bunduki. Alisoma polepole sana. Kisha akamuuliza Radjabu kama ni kweli aliipeleka karatasi Musaga. Radjabu akasema ndiyo, akasema hakujua ndani kuna nini, akaanza kulia, mutu mukubwa vile.

Himid alifungua bunduki, akatoa zile kartushi, akaziweka juu ya ukuta wa baraza. Akaketi chini, si kwenye kiti, chini. Mi nikaketi karibu. Mkewe alituletea chai, tukainywa.

Sitakuficha lililofuata, kwa sababu nyumba zetu zimefichana vya kutosha. Nilimwambia akuandikie. Akasema apana. Nikamwambia dada yako ameokoa mimi, na ameokoa na weye. Akaniambia hivi, nayaandika kama alivyosema: "Aliandikia fundi. Akaandikia wewe, mutu ambaye hampendi. Mi ndiye aliniandikia nifanye moyo wangu unavyonituma, na tende juu yake." Nikasema na weye ulimficha harusi. Akasema najua. Lakini akakataa kalamu. Nafikiri itachukua muda. Mi najua muda ni nini.

Jana ilikuwa Pasaka. Alikuja baada ya adhuhuri kama alivyosema, lakini na mkewe na sinia la pilau. Nilisomea watu wangu barua yako kabla hawajaja, yote, na pale uliposema ulizungumza jina langu kwa ubaya nilisoma vilevile. Ndugu yangu yule aliyetukana barabarani aliinamisha kichwa. Mama yangu aliinuka na fimbo yake, akaenda jikoni mwenyewe, akafunua sufuria la Alya, akala pale pale amesimama. Kisha akamwambia Alya chumvi kidogo. Alya amecheka na kulia wakati mmoja, na sisi wote tumekula.

Habari ya ile njia ya Buterere sitakuandikia. Najua umeisikia kwa Himid, na najua hujaiamini, kwa sababu katika barua yako hukusema umeiamini. Himid aliniuliza uso kwa uso. Na weye utaniuliza hivyo hivyo.

Kwa hiyo uje. Ukishuka bandarini usiende Buyenzi, hatakufungulia. Njoo kwangu, Alya ameshatandika kitanda. Himid amesema atakuja kumwona mwanawe kila Jumapili, na siku moja ataingia akukute umekaa.

Aloys